Mwanga Usiolipiwa

Ghorofa ya nne, Kariobangi Kusini,
saa mbili na robo, sufuria zimeshaoshwa,
naita: Mumbua! Mwanzia! Njooni tusali.
Wanakuja wakiburuta ndala.
Tunaketi mkekani chini ya balbu
nyeupe, kali, isiyojua tokeni kuisha,
na mimi, mwalimu wa watoto kanisani,
nafungua Neno
nafundisha habari za nuru.

Ni Ochola aliyepanda nguzo usiku ule wa Mei.
Ngazi nilimshikia mimi, kwa mikono hii hii
inayopigwa makofi kila Jumapili.
Shilingi mia tatu, na soda.
Nikajiambia: kampuni ni kubwa, haitahisi;
karo imepanda, unga umepanda, Mungu anaelewa.
Ajabu, jinsi ninavyojua Mungu anaelewa nini
pale ninapotaka aelewe.

Jumamosi nilikuwa juu ya paa naanika sare
nikaisikia sauti yangu nyuma ya tangi la maji.
Sauti yangu, lakini ndogo, ya miaka sita:
"Haya, watoto, tuombe.
Mwanzia, fumba macho. Ngoja!
Kwanza vuta pazia, watu wa stima wasione waya.
Sasa sema: asante Yesu kwa mwanga."
Na Mwanzia, kwa adabu zote za miaka mitatu,
akavuta pazia la hewani
akasema: Amina.

Sikumchapa. Ningemchapa kwa kosa gani?
Alikuwa amenikariri bila kukosea.
Mistari kumi na minne nimemfundisha tangu Januari,
anaisahau, mpaka nimdokezee neno la kwanza.
Hili la pazia sikumfundisha hata siku moja
na alilijua lote.

Nikamwita Ochola. Alicheka mpaka akashika ukuta.
"Mama Mumbua, mimi watu huniita niunganishe!"
Kukata ni mia tano. Kuunganisha ilikuwa mia tatu.
Toba nayo ina bei yake Nairobi.
Jumatatu nikapiga foleni ofisini kwao,
karani akainua uso: "Kwani nani amekushtaki?"
Nikatafuta jibu.
"Binti yangu," nikasema, "ila yeye hajui."
Wakaniandikia deni la miezi saba,
nilipe kidogo kidogo.

Basi giza likahamia kwetu na mizigo yake.
Mama Kavulani wa mlango wa pili akabisha hodi:
"Pole jirani, mmekatiwa?"
Ulimi ukaikimbilia ndiyo. Ndiyo ingetosha,
fupi, safi, haina shida na mtu.
Lakini Mumbua alikuwa nyuma ya sketi yangu,
kimya, masikio wazi kama milango ya soko.
"Hapana. Nilikuwa naiba. Nimeacha."
Mama Kavulani akatazama juu, kwenye balbu yake mwenyewe,
akakumbuka ana mboga jikoni.

Sasa ni mshumaa wa shilingi ishirini.
Tunabanana ili sote tuone ukurasa,
kidevu cha Mwanzia begani mwangu, nta mkekani,
nasoma polepole maana herufi zinacheza,
na kwa kusoma polepole
nimeanza kusikia ninachosoma.

Jana wamecheza tena.
Nilisimama ngazini na ndoo, nimebana pumzi.
"Haya, watoto, tuombe. Hatuna stima, lakini tuombe.
Pazia liache tu."
Moyo ukaniruka! Nikataka kuiweka ndoo chini nicheze.
Ndipo akaendelea, kwa sauti ile ile, yangu,
yenye makali yake yote ya saa mbili na robo:
"Na wewe usisinzie hapo, mjinga wewe,
utakiona cha mtema kuni!"

Nikaketi kwenye ngazi, maji yakanimwagikia miguu.
Ee Bwana,
na huu waya mwingine
umepita wapi mpaka ukafika kwangu,
na wa kuukata nimwite nani?